Nani Kawaambia Tunataka Kuboreshwa?

Kuna sentensi moja ambayo nikiikuta tena kwenye jalada la nyuma la kitabu, nitakirudisha rafuni bila kukifungua. Inasema kitabu hiki "kitamboresha msomaji". Wakati mwingine inabadili nguo: kitajenga maadili ya vijana, kitamwinua msomaji kiroho na kiakili, kimesheheni mafunzo kwa jamii. Siku hizi imeingia hadi kwenye masharti ya mashindano ya uandishi, kwenye hotuba za uzinduzi, na kwenye vinywa vya wahakiki ambao zamani niliwaamini. Riwaya isiyomboresha mtu, tunaambiwa, imepoteza karatasi bure.

Mimi nasema msomaji si shamba. Wala sisemi kwa mafumbo. Neno tunalolitafsiri hapa ni la Kiingereza, 'improve', na neno hilo lilizaliwa shambani, tena kwa watu waliolitamani shamba la wenzao. Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Uluguru tungepaswa kuwa wa kwanza kulitambua, maana lilishapita huku kwetu likiwa na jembe mkononi na askari nyuma yake.

Tuanze na asili yake. Watu wengi hudhani 'improve' ni ndugu wa 'prove', yaani kuthibitisha, kwa sababu maneno hayo yanafanana sura. Si ndugu. Ile 'v' iliingia baadaye kwa kufananishwa tu. Neno lenyewe lilikuja Uingereza na Wanormani, wale wakubwa waliokuwa wakizungumza Kifaransa na kumiliki ardhi. Kwao lilikuwa 'emprouer' au 'emprower', na ndani yake limo 'prou', maana yake faida. Kwa hiyo ku-'improve' kitu ilikuwa kukitia kwenye faida, kukifanya kilete pato. Halikuhusu tabia njema. Lilihusu mapato.

Na kitu chenyewe kilichotiwa kwenye faida, mara nyingi, kilikuwa ardhi. Sheria ya Merton ya mwaka 1235 iliwaruhusu mabwana wa Uingereza kuchukua sehemu za malisho ya pamoja na kuyageuza kuwa ya faida yao, mradi wawaachie wapangaji wao malisho ya kutosha. Nani wa kupima hiyo "kutosha"? Unamjua. Karne zilivyopita, neno likaendelea kufanya kazi ileile: ardhi ambayo wanakijiji waliitumia kwa pamoja, kuchungia, kuokotea kuni, kukata majani, iliitwa ardhi iliyolala. Ikizungushiwa ua na kuwa ya mtu mmoja, iliitwa iliyoboreshwa. Aliyeondolewa hakuulizwa anaiitaje.

John Locke akaja kulipatia neno hilo falsafa yake. Katika kitabu chake cha pili kuhusu serikali, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1689, anajenga hoja kwamba mtu anayeichanganya ardhi na jasho lake na kuifanya izae zaidi, huyo ndiye mwenye haki nayo. Mfano wake wa ardhi iliyokuwa ikimsubiri mboreshaji ni Marekani, ambako wenyeji walikuwapo, wakiwinda na kulima kwa namna ambayo yeye hakuiona kuwa ni kulima. Angalia ujanja ulipo. Kwanza unasema kitu hiki hakijaboreshwa. Kisha unajiteua kuwa mboreshaji. Ukimaliza, kitu ni chako.

Jambo moja dogo zaidi kuhusu ukoo wa neno hili, maana linanifurahisha. Lile 'prou' la faida lilizaa neno jingine la Kiingereza tunalolijua sote: 'proud', mwenye kujivuna. Mboreshaji na mwenye majivuno ni watoto wa bibi mmoja. Sikulitunga mimi hilo, fungua kamusi yoyote nzuri ya asili za maneno utalikuta.

Sasa tuje nyumbani.

Mkuyuni ipo upande wa mashariki wa milima, kwenye barabara itokayo Bigwa, ikipita Kiroka, halafu inateremka kuelekea Matombo na Kisaki. Ukipita hapa leo utaona ndizi, nanasi, machungwa, mdalasini na karafuu kwenye miteremko ambayo mgeni huogopa hata kuipanda kwa mguu. Mwaka 1950 au karibu na hapo, serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliitazama miteremko hii hii ikaona tatizo. Udongo unamomonyoka, ikasema. Mito inayoshuka kwenda Ruvu inabeba tope. Mluguru anachoma majani kabla ya kulima, analima kwenye mwinuko, haoni mbele. Ukaanzishwa mpango mkubwa wa matumizi bora ya ardhi ya Uluguru, na shina lake lilikuwa amri: kila mwenye shamba achimbe matuta ya ngazi. Kuchoma majani kukakatazwa. Asiyechimba, mahakama za kienyeji zipo.

Niseme wazi kwamba udongo ulikuwa unamomonyoka kweli. Sina haja ya kumtetea mkulima kwa kudanganya. Lakini ngazi zile pana zilikuwa mzigo mzito ajabu. Udongo wenye rutuba huku ni utandu mwembamba juu ya mwamba na udongo mkavu usiozaa. Ukichimba ngazi pana kwenye mteremko kama huo, unaufukia ule utandu chini na kuleta juu kile kisichootesha kitu. Watu walitoa jasho, wakapata mavuno hafifu, kisha wakaambiwa wachimbe zaidi. Na hawakuwa watu wasiojua ngazi: upande wa Mgeta walikuwa na ngazi zao ndogo za kufukia majani, zilizofuata mwinuko bila kuugombeza. Hizo hazikuhesabiwa kuwa ni ujuzi.

Halafu lipo suala la ardhi ni ya nani. Uluguru ardhi ilishikwa na ukoo kwa upande wa mama. Mtu aliweza kulima alipoazimwa, lakini kuweka kitu cha kudumu kwenye ardhi ya ukoo mwingine ni kama kutangaza kwamba hutoki. Sasa mkulima aliyeamriwa kujenga ngazi za kudumu, kwenye ardhi ambayo kesho serikali ingeweza kusema ndiyo iliyoiboresha, alikuwa na haki ya kuogopa. Wapo waliosema hadharani kwamba mzungu akishamaliza kuitengeneza ataichukua. Hawakuwa wamemsoma Locke. Ila wazo lake walilisoma kwa miguu yao, shambani, na walilielewa vizuri kuliko wanafunzi wengi wa falsafa.

Julai 1955 uvumilivu ukaisha. Huko Matombo, mwendo mfupi tu kutoka hapa Mkuyuni, watu walikusanyika kupinga matuta, mawe yakarushwa, polisi wakapiga risasi, mtu akafa. Baada ya hapo amri ya matuta ikaachwa. TANU, iliyokuwa imezaliwa mwaka mmoja tu kabla, ikapata milimani wanachama ambao hawakuhitaji kueleweshwa sana kuhusu uhuru. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu kizima juu ya mambo hayo mwaka 1960, na baadaye Pamela Maack akayarudia katika utafiti wake. Yapo, yanasomeka.

Utaniuliza: matuta na riwaya wapi na wapi? Hebu nivumilie, maana huku ndiko kwenye ugomvi wangu.

Neno lile halikubaki ardhini. Waingereza wenyewe walilitoa shambani wakaliingiza kwenye nafsi. Jane Austen aliliona likivuka mpaka: katika Mansfield Park, ya mwaka 1814, kuna tajiri mmoja asiye na akili nyingi anayepanga kukata miti mizee ya kwao ili mandhari "yaboreshwe", na msomaji makini anajua kabisa kwamba miti hiyo ina heshima kuliko mwenyewe. Kufika 1859 Samuel Smiles anatoa Self-Help, na sasa shamba la kuboreshwa ni mtu: mfanyakazi, maskini, kijana. Vikaja vitabu "vya kuboresha", vilivyogawiwa na matajiri wapewe wale ambao mishahara yao matajiri haohao hawakutaka kuiongeza. Mtu akishika kitabu cha tabia njema jioni, asubuhi hatauliza habari ya posho. Faida bado imo ndani ya neno, imefunikwa tu.

Na vitabu vya namna hiyo vikapanda meli. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa Mambo Leo. Silidharau gazeti hilo hata kidogo. Washairi wetu wengi walipata jukwaa pale, na Kiswahili chake kina ladha ambayo leo tunaitafuta kwa tochi. Lakini lilikuwa gazeti la mwalimu kwa mwanafunzi, la serikali kwa mtawaliwa, na mwanafunzi hakuwa na siku ya kuhitimu. Mwaka 1948 ikaja Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, ile iliyojulikana kama East African Literature Bureau, ikachapa vijitabu vya ufugaji wa kuku, usafi wa nyumba, kulea watoto, na hadithi zenye kufaa. Kufaa kwa nani, na kwa lipi, ni mwenye mtambo aliyejua. Mpango wa matuta na mpango wa vitabu vilikuwa vya serikali moja, miaka ileile, na dhana ileile: huku kuna kitu kimelala, tukiamshe.

Tatizo ni kwamba sisi tulifukuza wenye matuta, wenye vitabu tukawabakisha. Sisemi watu, nasema mtindo. Fungua daftari la mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne anayejiandaa na mtihani wa fasihi. Dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo. Kila hadithi inakamuliwa mpaka itoe "mafunzo" matano yanayoweza kuandikwa kwa nukta. Mhusika mlevi: tunajifunza ulevi ni mbaya. Msichana aliyepata mimba: tunajifunza tuepuke tamaa. Mtoto amesoma kazi ya sanaa akatoka na kile ambacho bibi yake angemwambia bure akimenya mihogo. Na ole wake kitabu kitakachokataa kukamuliwa.

Tunaye shahidi mkubwa wa hili, naye ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ilitoka mwaka 1971, na mchapishaji, utacheka, ni Literature Bureau yenyewe. Ikapigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya mambo ya mwili yaliyomo. Eti itaharibu vijana. Sasa mtu aliyekisoma kile kitabu kwa macho yote mawili anajua kinazungumzia nini. Kina baba, Zakaria, anayemchapa bintiye kwa barua ya mvulana, anayemfungia kila mlango ili awe mwema. Binti anatoka nyumbani akiwa hajui lolote kuhusu wanaume, na wala hajafundishwa kujiamulia jambo, kwa sababu siku zote wengine ndio waliomwamulia. Kilichobaki ni msiba. Kezilahabi alikuwa ameandika kitabu kuhusu kinachotokea pale mtu anapoboreshwa kwa fimbo, na waboreshaji wakakijibu kwa fimbo. Baadaye kilirudi, kikasomwa mashuleni, na sidhani kama taifa limeanguka kwa sababu hiyo. Ila tulijifunza? Februari 2023 tukasikia tena orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku mashuleni, safari hii hata Diary of a Wimpy Kid imo. Maadili, tukaambiwa.

Hapa lazima niligeukie neno hilo, maadili, maana ndilo linalotumika kama rungu, na naona linaonewa. Maadili si mtoto wa 'improve' hata kidogo. Linatoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya haki, usawa, kulinganisha. Ndimo lilimotoka jina la Adili, ambalo Shaaban Robert alilichagua kwa mhusika wake katika Adili na Nduguze mwaka 1952. Na kwenye mzizi huohuo lipo neno ambalo Waarabu walilitumia kwa mzigo wa mnyama: nusu moja ya shehena, ile inayoning'inia upande mmoja wa ngamia, ikilingana na nusu nyingine upande wa pili. Mzigo usipolingana, ngamia hafiki.

Mtu wa Mkuyuni hahitaji ngamia kulielewa hili. Asubuhi simama barabarani utazame bodaboda zinazoshusha nanasi. Tenga kulia, tenga kushoto. Kijana akizidisha upande mmoja kwa nanasi chache tu, kona ya kwanza yenye kokoto itamfundisha. Hayo ndiyo maadili kwa asili yake: kulinganisha pande mbili mpaka chombo kitembee. Hakuna wa juu anayemtengeneza wa chini. Kuna huku na kuna kule, na kazi ni kupima.

Ndiyo maana nasema Kiswahili chetu kilikuwa na neno bora kabisa, tukalijaza maana ya neno jingine. Leo mtu akisema "kitabu hiki kinajenga maadili" hamaanishi kinampa msomaji pande mbili azipime. Anamaanisha kimekwisha kupima kwa niaba yake, kimeweka tenga zote upande mmoja, na kinamtaka aendeshe hivyohivyo.

Na hasara yake si ya nadharia. Kuna binti mmoja wa hapa kwetu, sitamtaja, aliandika hadithi fupi akaipeleka kwenye mashindano, nayo sitayataja. Hadithi ilimhusu mwanamke aliyechukua pesa za kikundi cha kuweka na kukopa ili ampeleke mtoto hospitali mjini. Mtoto akapona. Pesa hazikurudi. Wenzake wanajua, yeye anajua kwamba wanajua, na kila Jumamosi wanakaa mkekani pamoja wakihesabu hisa. Hadithi inaisha wakiwa bado wanahesabu. Nimesoma vitabu vya waandishi wenye majina makubwa visivyo na ukurasa mmoja wa namna ile. Majibu ya majaji yalikuja na mistari miwili. Hadithi haina funzo bayana. Mhusika mkuu hakuadhibiwa, hivyo haifai kuboresha maadili ya jamii.

Soma tena hadithi ile kichwani mwako, halafu niambie kama mwanamke yule hakuadhibiwa. Kila Jumamosi! Niambie pia kama wenzake hawakuadhibiwa, wao wanaoshindwa kumlaumu na wanaoshindwa kumsamehe. Hadithi ile ilikuwa na matenga yote mawili, na ilikuwa imelingana hadi mtu anashika pumzi. Ilikuwa na adili kwa maana ya neno lenyewe. Kilichokosekana ni fimbo. Binti yule sasa ameacha kuandika, au anaandika bila kumwonyesha mtu, sijui lipi ni baya zaidi. Hiyo ndiyo gharama, na hailipwi na majaji.

Najua majibu yatakayokuja, nimeyasikia ya kutosha.

La kwanza: eti fasihi ya Mwafrika siku zote ilifundisha, sanaa kwa ajili ya sanaa ni ya wazungu. Nani kasema? Muulize Sungura. Wanyama wote wanachimba kisima, Sungura anakataa kuchimba, usiku anakuja kunywa na kuoga humohumo, na anamfunga mlinzi kamba kwa asali. Sisi watoto tulikuwa upande wa nani? Wa mwizi wa maji! Hakuna kamati ya maadili ambayo ingeipitisha hadithi ile, na wazee wametusimulia vizazi na vizazi. Unyago nao, wa Waluguru na wa majirani zao Wazaramo na Wakwere, ni shule ya maadili kweli, lakini sikiliza nyimbo zake kama utaruhusiwa kusikia. Mafumbo, matani, maneno ambayo mchana hayasemwi. Mwali anapewa fumbo akae nalo, halijatafunwa tayari. Waliofundisha hivyo walimwamini mwanafunzi wao. Kile tunachokiita jadi ya kufundisha, yaani hadithi yenye funzo lililobandikwa mwishoni kama stempu, kwa kiasi kikubwa ni jadi ya gazeti la idara na kitabu cha misheni. Ni yetu sasa, sawa, tumeirithi. Tusiseme tu kwamba ilitoka kwa bibi.

La pili: vijana wanapotea, mitandao imewaharibu, huu si wakati wa kucheza. Vijana wanapotea kweli wengine, wala simcheki mzazi anayekosa usingizi. Lakini kijana anayepotea hana upungufu wa mawaidha. Anayapata nyumbani, shuleni, kwenye ibada, redioni, na sasa yupo hadi mhamasishaji wa simu anayemwuzia semina ya kujiboresha kwa elfu kadhaa (faida ileile ya mwaka 1235, safari hii kwa M-Pesa). Anachokikosa ni mahali ambapo anaweza kumtazama mtu akikosea, kwa karibu, bila kelele za mtu mwingine sikioni, akajiuliza: mimi ningefanyaje? Mahali hapo panaitwa hadithi. Ukipajaza mawaidha umemnyang'anya pa pekee palipobaki.

La tatu ndilo lenye uzito, na linatoka kwa rafiki yangu mmoja mwalimu wa kilimo. Anasema: ngazi zile zilikuwa na maana. Leo wapo wakulima wa Uluguru wanaochimba ngazi, na udongo unakaa. Ni kweli, na ninaushukuru mfano huo kwa sababu unanisaidia mimi kuliko yeye. Katika miaka ya 2000, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango kule Kibungo Juu ambapo wakulima walikubaliana kutunza mteremko, ngazi zikiwemo, na wanaotumia maji ya Ruvu huko bondeni wakachangia kuwalipa. Ajabu ni kwamba kwenye jina la mpango ule halikuwekwa neno la kuboresha, liliwekwa neno la usawa. Mlimani mnatunza, bondeni tunalipa. Tenga kulia, tenga kushoto. Mlima uleule, ngazi zilezile, na hakuna aliyerusha jiwe. Kilichobadilika ni kwamba mara hii mkulima alihesabiwa kuwa upande wa pili wa mzani. Mara ya kwanza alihesabiwa kuwa udongo.

Kwa hiyo sisemi fasihi isimbadilishe mtu. Itambadilisha, na ndiyo maana tunasoma hadi saa nane usiku kesho tukiwa na kazi. Nasema haimbadilishi kwa amri, na haimbadilishi kuelekea mahali ambapo mwandishi, jaji au wizara ilishapachagua. Mwandishi analeta tenga lake, msomaji analeta lake: alivyoishi, alivyoumizwa, anachokijua kuhusu kina mama wa kwao wanaohesabu hisa. Wakilingana, chombo kinatembea. Ukimchukulia msomaji kama mteremko wa kuchimbwa, utafanya kosa lilelile la mwaka 1950: utaleta juu udongo usiozaa, na utaufukia ule utandu mwembamba ambao ndio uliokuwa na uhai wote.

Wahakiki wenzangu, tuanzie kwetu. Tuache kufunga mapitio yetu kwa "kitabu hiki kina mafunzo mengi". Tuseme kitabu kinapima nini na nini, na kama kipimo chake ni cha haki. Walimu, najua mtihani hamuutungi ninyi, lakini kati ya nukta ya nne na ya tano mwulizeni mtoto swali moja ambalo ninyi wenyewe hamna jibu lake. Na waandaaji wa mashindano, futeni ule mstari kwenye masharti. Mkitaka kuweka kitu badala yake, wekeni neno moja tu, la Kiswahili, la zamani, linalotosha: hadithi iwe adili. Halafu someni hadithi zitakazokuja, mkiwa tayari kwamba nyingine zitawapima ninyi.